Ituri: Waya wa mita 20 na habari zisizongoja mnara wa simu

BUNIA – Kabla ya minara ya simu kusimama juu ya vilima vya Bunia, mtu mwenye ndugu Isiro, Dungu ao Butembo alikuwa anaenda foni. Alipanga foleni, akalipa, akangoja saa ya miadi. Mwendeshaji aliita mara tatu, mara nne, sauti ikatoka ndani ya kelele kama mtu anayeongea chini ya mvua. Kila upande ulipomaliza ulisema "à vous", na mwingine akajibu. Habari ya mgonjwa, ya mahari, ya mzigo wa maharagwe, ya kifo: chumba kizima kilisikia. Hakukuwa na siri katika foni, na hakuna aliyeitegemea iwe na siri.

Leo vijana wengi wa mtaa wa Shari hawajawahi kushika kipaza sauti cha aina hiyo. Wana simu, wana WhatsApp, na habari ya mauaji ya Djugu inaweza kufika Bunia kabla ya miili kuzikwa. Lakini hiyo ni pale tu ambapo mnara upo, una mazuti, na haujachomwa ao kuzimwa. Kuna vijiji vya Djugu, Irumu na Mambasa ambako mtu bado anapanda mlima ili kutafuta mtandao. Na Wakongo wanakumbuka kwamba mtandao unaweza kukatwa hata pale ambapo minara ni mizima: baada ya uchaguzi wa Desemba 30, 2018, intaneti ilizimwa nchini kote kwa karibu siku 20.

Duniani wako watu ambao hawakuiacha foni. Wanaitwa radioamateurs kwa Kifaransa. Kwa Kiswahili inaweza kuitwa redio ya ridhaa, kama vile ndondi za ridhaa: mtu anafanya kwa kupenda, bila kulipwa. Anajifunza, anapita mtihani, serikali inampa kibali na jina la hewani, yaani indikatifu, kisha anaongea na wenzake kwa mawimbi, kuanzia jirani hadi bara jingine. Haruhusiwi kufanya biashara hewani. Klabu zao hukutana, hufundisha wapya, hupanga saa ya kuitana kila wiki, na hupanda juu ya nyumba kurekebisha waya uliokatwa na upepo.

Kwa Ituri na Uele, jambo hili linagusa maisha na kifo, na mfano wake uko karibu.

Makombo, Desemba 2009

Kati ya Desemba 14 na 17, 2009, waasi wa LRA walipita katika vijiji vya eneo la Makombo, wilaya ya Niangara, Haut-Uele. Walianzia Mabanga Ya Talo wakafika hadi Tapili. Walijifanya askari wa kawaida, wakawauliza watu habari kwa upole, kisha wakawafunga. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu watu wasiopungua 321 waliouawa, na zaidi ya 250 waliotekwa, wakiwemo watoto wasiopungua 80.

Ripoti hiyo ilitoka Machi 28, 2010. Ndipo dunia ilipojua ukubwa wa yale yaliyotokea, miezi mitatu na zaidi baadaye. Makombo haikuwa na simu. Aliyenusurika alitembea kwa mguu, na aliyemsikia alitembea tena. Katika vijiji vilivyo mbele ya njia ya waasi, hakuna aliyewaambia watu wakimbie.

Inafaa kusimama kidogo hapa. Kutoka Bunia hadi Makombo, ukipima kwa mstari wa ndege, ni chini ya kilomita 400. Kwa redio ya mawimbi mafupi, hiyo si safari. Ni umbali ambao redio ya wati chache, betri ya gari na waya uliofungwa kwenye miti miwili inaumaliza saa za mchana. Kilichokosekana Makombo hakikuwa satelaiti wala mamilioni ya dola. Kilikosekana chombo cha bei ya pikipiki, na mtu anayejua kukitumia.

Wale waliolielewa hili mapema walikuwa watu wa Kanisa. Abbé Benoît Kinalegu, padri wa dayosisi ya Dungu-Doruma na kiongozi wa Tume ya Haki na Amani huko, alijenga mtandao wa waendeshaji wa redio vijijini, na shirika la Marekani Invisible Children likasaidia kuupanua. Kila asubuhi na kila jioni, vijiji viliitwa kwa zamu: kuna nini kwenu? Nani ameonekana barabarani? Nani hajarudi kutoka shambani? Majibu yalienda Dungu, yakaingia katika ramani ya mashambulizi ya LRA iliyofunguliwa mwaka 2011 ili mtu yeyote aisome. Mwaka 2012 Abbé Kinalegu alipewa tuzo ya Alison Des Forges ya Human Rights Watch kwa kazi hiyo.

Mtandao ule haukuwa redio ya ridhaa kwa sheria. Ulikuwa mtandao wa kazi, wenye waendeshaji waliopangiwa zamu. Lakini utaratibu wake ni ule ule wa klabu yoyote ya radioamateurs: saa maalum, kituo kimoja kinachoongoza, kila mmoja anaitwa kwa jina lake, na asiyejibu anaulizwa kwa nini hajajibu. Jambo hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Simu ya kijiji ikinyamaza, hakuna anayegundua, maana kila siku inanyamaza. Kituo kilichozoeleka kujibu saa kumi na mbili asubuhi kikikosa kujibu, hapo tayari kuna habari.

Bunia iliposikika mbali

Ituri si mgeni katika mambo ya redio. Miaka ya 1970, katika Institut Supérieur Pédagogique ya Bunia, ilizaliwa CANDIP, kituo cha uhamasishaji na cha kusambaza elimu, na ndani yake Radio Candip. Ilikuwa redio ya kufundisha: kilimo, afya, shule, kwa Kifaransa, Kiswahili, Lingala na lugha za vijijini. Pamoja nayo zilikuja klabu za wasikilizaji. Watu wa kijiji walizunguka redio moja, wakasikiliza kipindi hadi mwisho, wakajadiliana, kisha wakarudisha maswali na maoni Bunia. Kabla ya maneno kama "redio ya jamii" kuwa ya kawaida katika miradi ya wafadhili, Ituri ilikuwa tayari na kitu hicho.

Radio Candip ilirusha matangazo kwa mawimbi mafupi, kwenye kilohezi 5066. Namba hiyo ilijulikana na watu ambao hawakuweza kuionyesha Bunia kwenye ramani bila kutafuta kwanza. Wapenzi wa redio za mbali, huko Ulaya na kwingineko, walikesha wakizungusha kitufe ili waikamate sauti ya Bunia, wakaandika tarehe, saa na wimbo waliousikia. Desturi yao ni kutuma barua kwa kituo waliyemsikia na kuomba kadi ya kuthibitisha, inayoitwa QSL. Wakati sisi tukilalamika kwamba sauti ya Ituri haifiki Kinshasa, kulikuwa na mzee fulani katika nchi ya baridi aliyekuwa akiisikiliza kwa kipaza cha masikioni, mkewe akiwa amelala.

Hata hivyo redio ya matangazo husema, msikilizaji husikia. Radio Okapi, iliyoanza Februari 25, 2002, ilibadilisha mengi mashariki mwa nchi, na redio za FM zimejaa Bunia. Lakini mtu wa kijiji hawezi kujibu kupitia redio ya FM. Inambidi apige simu, na hapo tumerudi kwenye mnara. Foni ndiyo iliyokuwa na njia mbili. Nayo haikuwa ya watu wenyewe. Ilikuwa ya misheni, ya hospitali, ya kampuni za ndege ndogo, ya mashirika ya misaada yenye magari meupe na antena ndefu za Codan zilizopinda mbele kama fimbo ya mvuvi. Mradi unapokwisha, redio inafungwa ndani ya boksi na kupelekwa kwingine. Ujuzi nao unaondoka, maana mwendeshaji alifundishwa kubonyeza, hakufundishwa kwa nini wimbi linafika mchana na kupotea usiku.

Mlima hauzuii wimbi linalotoka juu

Swali hilo la kwa nini ndilo chakula cha klabu za radioamateurs, na jibu lake linaifaa sana nchi ya vilima kama Djugu.

Redio ndogo za mkononi, zile ambazo kila mtu hapa anaziita motorola hata kama zimetengenezwa China, huongea kwa mstari ulionyooka. Kilima kikisimama katikati, mazungumzo yanakwisha. Mawimbi mafupi yanafanya kazi tofauti. Kilomita mamia kadhaa juu yetu kuna tabaka la hewa lililochajiwa na jua. Wimbi la urefu unaofaa likilifikia, linarudishwa chini. Ukifunga waya wako chini chini, mita chache tu juu ya ardhi, wimbi linapanda karibu wima na kurudi kama mvua, linaangukia mabonde na migongo ya vilima bila kuchagua, hadi umbali wa kilomita 300 ao 400 kuzunguka kituo.

Chora duara la namna hiyo lenye Shari katikati. Aru imo, karibu kilomita 160. Mambasa na Beni zimo, kila moja chini ya 150. Dungu imo. Goma imo. Kampala imo. Makombo imo.

Waya wenyewe si siri ya wahandisi. Kwa megahezi 7, masafa yanayofaa mchana, unahitaji waya wa shaba wa karibu mita 20, umekatwa katikati: mita kumi upande huu, mita kumi upande ule, na kebo inayoshuka toka katikati hadi kwenye redio. Miti miwili ya mikaratusi inatosha kuushikilia, na mikaratusi si kitu cha kutafutwa Bunia. Usiku tabaka la juu linapungua nguvu, ndipo watu wanashuka kwenye megahezi 3.5 na waya unakuwa mrefu maradufu. Redio ya wati 100 inakula betri ya gari kwa haraka wakati wa kuongea, lakini ziko redio za wati 5 ambazo paneli ndogo ya jua inazibeba siku nzima. Hapa mtu wa Bunia anapumua, maana umeme wa Budana, unaotoka kwenye maji ya mto Shari, haufiki kila nyumba.

Adui mkubwa wa masafa ya usiku katika sehemu zetu ni radi. Utafiti wa satelaiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba katika Afrika nzima radi hupiga zaidi mashariki mwa Kongo, na Kabare, huko Kivu ya Kusini, ndiyo inayoongoza: miale 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Kila mwale ni mlipuko ndani ya masikio ya mwendeshaji. Mwendeshaji mzuri huko anajua pia wakati wa kuchomoa kebo ya antena na kwenda kulala.

Kuna njia nyingine ambayo Bunia imepewa na jiografia bila kuomba. Novemba 2018 Qatar ilirusha satelaiti ya Es'hail-2, na ndani yake kikawekwa chombo kwa ajili ya radioamateurs, cha kwanza cha aina yake kukaa sehemu moja angani bila kuzunguka. Wao wanaiita QO-100. Imesimama juu ya ikweta karibu nyuzi 26 mashariki, yaani karibu kabisa juu ya vichwa vya watu wa Ituri. Mtu wa Ujerumani anainamisha sahani yake kuelekea kusini. Mtu wa Shari ingembidi aielekeze juu, karibu wima, kama sufuria inayongoja maji. Na mvua ya Bunia ingeijaza kweli. Itabidi itobolewe tundu chini.

Kibali, na hofu ya antena

Sheria haikatazi. Mawimbi yote ya nchi yanasimamiwa na ARPTC, na sheria nambari 20/017 ya Novemba 25, 2020 ndiyo inayoongoza mawasiliano. Kongo ina herufi zake hewani: kituo cha radioamateur cha hapa huanza na 9Q, kama vile Uganda ni 5X, Rwanda 9X na Kenya 5Z. Wakati wa ukoloni ilikuwa OQ5. Kinshasa kuna chama cha taifa, ARAC, ambacho ni mwanachama wa muungano wa kimataifa wa radioamateurs, IARU, ulioundwa Paris Aprili 18, 1925. Ndiyo sababu kila Aprili 18 ni siku yao duniani. Kizuizi kingine cha zamani kiliondoka zaidi ya miaka 20 iliyopita: mkutano wa dunia wa Geneva ulioanza Juni 2003 uliondoa sharti la kujua kodi ya Morse kwa masafa ya chini ya megahezi 30. Juni hiyo hiyo Bunia ilikuwa inapokea askari wa operesheni Artémis, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kufuatilia mambo ya Morse.

Lakini Kinshasa ni karibu kilomita 1,800 kwa ndege, na sheria iliyoandikwa huko haitembei barabarani Djugu pamoja na mtu. Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 6, 2021. Wanamgambo nao wanatumia redio za mkononi. Kijana anayekutwa kwenye barrière na redio ya njia mbili ndani ya mfuko, bila karatasi, atakuwa na kazi kubwa ya kueleza kwamba yeye ni mpenzi wa sayansi. Hata mwenye karatasi atahitaji askari anayejua karatasi hiyo ni ya nini. Ndiyo maana mtu mmoja peke yake hawezi kulifanya jambo hili hapa. Klabu inayojulikana na meya, na ofisi ya posta na mawasiliano ya jimbo, na jeshi, yenye antena iliyo wazi juu ya paa la shule ao chuo kikuu, ni kitu kingine. Wanafunzi wa ISP, wa Chuo Kikuu cha Bunia na wa Université Shalom wangepata pia maabara ya fizikia isiyohitaji kuagizwa.

Kuna ugumu wa pili, na huu hauondolewi na muhuri. Mazungumzo ya radioamateurs ni lazima yawe wazi. Kuyaficha kwa kodi ni marufuku. Anayetangaza hewani kwamba watu 400 wamejificha katika shule fulani, anawaambia pia wale wanaowatafuta. LRA yenyewe ilikuwa na redio za mawimbi mafupi. Kwa hiyo klabu ya Bunia isingekuwa jicho la jeshi, wala haifai iwe. Kazi yake ingekuwa ile ya kuulizia: daraja limevunjika wapi, dawa gani imekwisha, mtoto huyu aliyefika peke yake ni wa nani. Hata hapo kanuni za kimataifa zina mpaka wake: ujumbe wa mtu wa tatu kuvuka nchi, kwa mfano kwenda Kampala, unaruhusiwa wakati wa dharura na maafa tu. Kwa jimbo hili, neno dharura halihitaji kutafutiwa mfano.

Mfano mzuri wa klabu iliyokuwa mahali pake kwa wakati wake unatoka India. Desemba 2004 kundi la radioamateurs, likiongozwa na mama mmoja, Bharathi Prasad, lilikuwa Port Blair, katika visiwa vya Andaman. Walienda kwa furaha tu: visiwa vile havikuwa vimesikika hewani kwa miaka mingi, na wapenzi wa redio duniani kote walikuwa wanagombania kuongea navyo. Desemba 26 asubuhi ardhi ikatikisika, kisha tsunami ikaja. Simu zikafa. Antena iliyofungwa kwa ajili ya mchezo ndiyo ikawa mlango wa visiwa vile, na mama yule akakaa hapo siku nyingi akipokea majina ya walio hai na kuyapeleka bara. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa na redio, alikuwa na kibali, na alijua saa ipi wimbi linafika wapi.

Kwa anayetaka kuanza Shari, kusikiliza ndiyo hatua ya kwanza, na haina mtihani. Inatakiwa redio ya mawimbi mafupi yenye kitufe cha SSB, maana bila hicho sauti za radioamateurs zinasikika kama bata wanaogombana. Sehemu yao katika eneo la kwanza la kimataifa, ambamo Afrika imo, ni megahezi 7.000 hadi 7.200, na usiku vituo vya mbali vinajaa humo. Wikendi ya tatu ya Oktoba, kila mwaka, maskauti wa dunia nzima huitana kupitia vituo vya radioamateurs, na Bunia ina maskauti wengi. Radioamateurs hawatumii saa ya Bunia wala ya Kinshasa, wanatumia ile ya kimataifa: toa saa mbili. Kuanzia saa moja jioni ya hapa, jua likiwa limezama na jenereta za majirani zikiwaka, masafa hayo yanaanza kufunguka.